Seva ya nyumbani Kigoma: jinsi ya kulinda kazi zako ili diski zikifa zisiondoke nazo

Mvua zikishaanza huku Kigoma, kuanzia Novemba hivi, kuna radi fulani inatokea upande wa ziwa ukiisikia tu unajua hii haiendi mbali, na mi nikiisikia nainuka, iwe mchana iwe saa 9 usiku, naenda kuchomoa plagi ya seva, yani kompyuta yangu ya kutunzia kazi, ukutani pamoja na waya wa intaneti unaoingia kwenye ruta. Nilianza tabia hii baada ya msimu mmoja kupoteza diski 2 kwa mpigo, moja ilikuwa na kazi zote na nyingine ndo nilikuwa naiita bakapu, yani kopi ya akiba, na zote zilikuwa ndani ya boksi moja, zinakula umeme wa pawa saplai moja. Radi ilipopiga nguzo ya jirani haikuuliza ipi kazi ipi bakapu.

Mi nafanya video na picha, harusi, maulidi, ubatizo, vipaimara, hata misiba. Ndani ya zile diski kulikuwa na miaka 4. Kilichoniuma sio hela, ni mama mmoja wa Ujiji aliyekuja miezi michache baadaye kuomba video ya harusi ya binti yake, kwa sababu mule ndani kuna marehemu mume wake anatoa nasaha, dakika kama 6 hivi, na yule mama hana sehemu nyingine yoyote ya kusikia ile sauti. Sikuwa na cha kumpa. Tangu siku ile nikaamua hili jambo nitalijifunza mpaka nilielewe, na haya ninayoandika hapa ndo ninayofanya mpaka leo, kwa mtu yeyote mwenye kompyuta imekaa kona ya sebule inabeba vitu ambavyo vikipotea havirudi.

Kabla ya amri yoyote elewa kitu kimoja, manake wengi tunakosea hapa. Kila kinga ina adui wake. Kuipima diski kunakusaidia na diski inayoanza kuumwa taratibu. Diski pacha zinakusaidia na diski iliyokufa ghafla. Bakapu inakusaidia na kidole chako mwenyewe, mtoto aliyefuta folda, na virusi vinavyofunga mafaili afu vinadai hela. Na bakapu iliyo mbali, yani mji mwingine kabisa, ndo peke yake inakusaidia na radi, moto, mafuriko na mwizi. Ukiwa na moja tu usidhani inafanya kazi ya zote. Mi nilikuwa na kopi 2 na bado nikabaki mikono mitupu.

Umeme kwanza

Huku kwetu miaka mingi tulikuwa kwenye majenereta ya dizeli, na mtu aliyekulia hapa anajua umeme ukirudi baada ya kukatika huwa unarudi na nguvu, taa zinang'aa kupita kiasi sekunde chache ndo zinatulia. Ule mshtuko ndo unaoua vifaa. Kwa iyo nunua UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, hata ndogo ya VA 650 inatosha seva ndogo yenye diski 2, na usiichukulie kama kitu cha kufanyia kazi masaa 3 gizani, kazi yake ni kuipa seva dakika chache ijizime vizuri. Ina waya wa USB, uchomeke kwenye seva afu weka programu inayoitwa NUT, ikiona betri inashuka inaizima mashine yenyewe hata kama we uko Kasulu kwenye harusi ya mtu. Betri ya UPS baada ya miaka 2 au 3 inachoka, ijaribu kila baada ya miezi kadhaa kwa kuchomoa plagi ukiwa umesimama hapo unaangalia. Na UPS haizuii radi iliyopiga karibu, iyo dawa yake ni kuchomoa tu, na usisahau waya wa intaneti, radi inapita hata kwenye waya mwembamba.

Kuipima diski

Sasa tuje kwenye diski zenyewe. Ndani ya kila hadi diski kuna kidaftari inachojiandikia yenyewe hali yake, kinaitwa SMART, inaandika imewaka masaa mangapi, joto lake, sekta ngapi (vile vipande vidogo vya kuandikia) zimeharibika. Tatizo hakuna anayekisoma. Kwenye Linux, mi natumia Ubuntu, unaweka programu ya kukisoma hivi:

sudo apt install smartmontools

afu unauliza:

sudo smartctl -a /dev/sda

Itatapika maandishi mengi. Juu kabisa utaona neno PASSED na hapo ndo watu wengi wanaridhika wanafunga. Usiridhike. Nimeshaona diski inasema PASSED huku inakoroma na kufungua folda moja kunachukua dakika nzima. Shuka chini kwenye jedwali, kila mstari una namba yake kushoto, na hesabu yenyewe iko safu ya mwisho kulia, mi naangalia mistari hii:

Namba 5 ni sekta zilizokufa ambazo diski imeshazihamishia sehemu ya akiba. Namba 197 ni sekta zilizogoma kusomeka na bado zinasubiri hukumu. Namba 198 ni zile zilizojaribiwa na kushindikana. Hizi 3 zinatakiwa ziwe 0. Namba 5 ikiwa na 8 kwa mfano na imekaa na 8 miezi 5 haijasogea, unaweza ukaendelea nayo kwa jicho la karibu, lakini leo 8, wiki ijayo 24, wiki inayofuata 60, iyo diski inakuaga. Usisubiri mwisho wa mwezi, nunua nyingine. 197 ikitokea na namba yoyote mi sisubiri kabisa, nahakikisha bakapu ipo halafu ndo nachunguza.

Namba 199 ni tofauti, iyo mara nyingi sio diski ni kebo. Ikipanda, zima mashine, badilisha waya wa SATA au uchomoe uuchomeke vizuri, na ukiona imeacha kupanda umepona bila kununua diski mpya. Haitarudi 0, itabaki pale pale ilipofika, kwa iyo usishtuke. Namba 194 ni joto, napenda ikae chini ya 45, na kama seva yako iko kwenye kabati lililofungwa na chumba kina bati bila dari, itoe humo leo. Namba 9 ni masaa iliyowaka. Mwaka mmoja mzima ni masaa 8,760, kwa iyo ukienda kununua diski ya mtumba afu muuzaji anakwambia "hii haijatumika sana kaka" we omba ichomekwe kwenye kompyuta usome namba 9 mwenyewe, ikisema 43,000 hapo ni karibu miaka 5 bila kulala. Na diski za Seagate zinaandika namba kubwa za kutisha kwenye mstari wa 1 na wa 7, hizo ziache, ndo uandishi wao.

Kama diski iko kwenye kasha la USB na amri inagoma, ongeza maneno -d sat kabla ya jina la diski, mara nyingi inakubali.

Kusoma tu hakutoshi, iamuru diski ijipime. Kipimo kifupi ni dakika kama 2, kirefu kinasoma uso wote wa diski na kwa diski kubwa kinaweza kuchukua usiku mzima, na mashine inaendelea kutumika tu:

sudo smartctl -t long /dev/sda

Mi kwa mikono sifanyi tena, nimemwachia mlinzi anaitwa smartd ambaye anakuja na programu ile ile. Fungua faili /etc/smartd.conf, ule mstari ulioanza na DEVICESCAN weka alama ya reli (#) mbele yake, na weka huu:

DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../../6/03) -m <nomailer> -M exec /usr/local/bin/tahadhari.sh

Maana yake kipimo kifupi kila siku saa 8 usiku, kirefu kila Jumamosi saa 9 usiku, na likitokea tatizo lolote iendeshe ile skripti ya tahadhari. Maelezo mengi utakayokutana nayo yanatumia imeili, lakini kutuma imeili kutoka seva ya nyumbani ni usumbufu, na sisi tunaishi kwenye simu, kwa iyo nimetengeneza boti ya Telegram, yani akaunti inayotuma ujumbe yenyewe, bure kabisa, na skripti yenyewe ni mistari hii tu (NAMBA_YAKO ni namba ya chati yako, TOKENI ni ufunguo wa boti):

#!/bin/sh
curl -s -d chat_id=NAMBA_YAKO --data-urlencode "text=$SMARTD_MESSAGE" https://api.telegram.org/botTOKENI/sendMessage

Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, ongeza -M test mwisho wa ule mstari wa DEVICESCAN, washa upya smartd, na subiri simu iite. Isipoita hujamaliza, tafuta kosa mpaka iite, ndo utoe ile -M test. Kengele ambayo hujawahi kuisikia ikilia usiihesabu kama kengele.

Sasa na mi nikwambie ukweli ambao haupendezi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa ripoti ya diski zao zaidi ya 100,000, wakakuta diski ikishapata kosa lake la kwanza la kusomeka uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 kuliko diski isiyo na kosa, kwa iyo ndio, dalili ni za kweli usizipuuze. Lakini ripoti hiyo hiyo ikasema zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja ya dalili 4 kubwa za kwenye SMART. Yani zaidi ya nusu ziliondoka bila hata kikohozi. Na SSD, zile diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani, ndo kabisa, nyingi zinakufa kama taa iliyozimwa, leo ipo kesho kompyuta haiioni. Ndo maana kupima ni mlango wa kwanza tu.

Diski pacha

Hapa ndo watu wanaita RAID 1 au mira, diski 2 zinaandikwa kitu kile kile kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine inaendelea na mteja hajui kama kuna kitu kimetokea. Diski 2 za TB 4 zinakupa TB 4, sio 8, kubali hasara hiyo. Kuna aina nyingi za RAID za diski 3, 4, 5, lakini kwa nyumbani mi nasema kaa na pacha tu, ni rahisi kuielewa usiku wa manane ukiwa na wasiwasi.

Nimetumia mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha pacha, miaka kadhaa, haina ubaya, ila saivi natumia ZFS, nayo inaunganisha pacha, kwa sababu moja kubwa. ZFS kila kipande cha data inakiwekea alama ya kukihakiki, kwa iyo diski ikikurudishia picha iliyooza kimya kimya, ile picha inayofunguka nusu ina rangi na nusu kijivu, ZFS inagundua alama hazilingani, inachukua kopi nzima kutoka kwa pacha na kuirekebisha ile mbovu papo hapo. mdadm ikikuta pacha 2 hazifanani haijui nani mkweli.

sudo apt install zfsutils-linux
ls -l /dev/disk/by-id/
sudo zpool create -o ashift=12 hazina mirror /dev/disk/by-id/DISKI_YA_1 /dev/disk/by-id/DISKI_YA_2

Hiyo amri ya mwisho inatengeneza pacha niliyoipa jina "hazina", na inafuta kila kitu kwenye diski hizo, soma majina mara 3 kabla hujabonyeza. Na tumia majina marefu ya by-id yenye namba ya kiwandani (serial) ya diski, sio sda na sdb, manake hizo herufi zinaweza kubadilishana ukiwasha upya. Zile namba andika na kwenye karatasi bandika mgongoni mwa kila diski, siku moja ikifa unafungua boksi unajua ipi ya kutoa. Mtu akitoa diski nzima akaacha iliyokufa, hapo amejimaliza mwenyewe.

Zisiwe mapacha wa duka moja siku moja. Diski za katoni moja, zimetoka kiwanda kimoja wiki moja, zikafanya kazi sawa kwenye joto sawa, zina tabia ya kuchoka karibu na wakati mmoja, na kazi ya kunakili upya kwenda kwenye diski mpya ni nzito, ndo hapo ile iliyobaki nayo inaanguka. Mi nanunua moja mpya, nasubiri miezi 2 au 3 ndo nachukua ya pili, ikiwezekana ya kampuni nyingine.

Kuangalia hali andika zpool status. Ukiona ONLINE kote umelala salama, ukiona DEGRADED moja imekufa na unatembea kwa mguu mmoja, nunua nyingine haraka na tumia zpool replace. Mara moja kwa mwezi mfumo unasoma kila kitu na kuhakiki, inaitwa scrub, kwenye Ubuntu inajipanga yenyewe Jumapili ya pili ya mwezi, ila kama seva yako umeizima siku ile, iendeshe mwenyewe kwa sudo zpool scrub hazina.

Na jambo jingine zuri la ZFS ni snapushoti, unapiga picha ya hali ya folda zote kwa sekunde moja, na haili nafasi mpaka vitu vibadilike. Kijana wangu wa kazi aliwahi kufuta folda nzima ya kipaimara akidhani ni kopi, nikaingia kwenye folda iliyofichwa ya /hazina/.zfs/snapshot nikairudisha kabla hajamaliza kuniomba msamaha. Programu ya sanoid inazipiga yenyewe kila saa na kufuta za zamani.

Lakini sikiliza. Pacha sio bakapu. Narudia tena kwa sababu mi mwenyewe nilidhani hivo. Ukifuta faili kwenye pacha limefutika kote kwa sekunde ile ile, virusi vikifunga mafaili vimefunga kote, mwizi akibeba boksi kabeba zote. Snapushoti nazo ziko ndani ya boksi hilo hilo.

Bakapu yenyewe

Kuna kanuni ya 3-2-1 ambayo mpigapicha mmoja, Peter Krogh, ndo aliieneza, na mi kama mpigapicha naiheshimu: kopi 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 iwe nje ya nyumba. Kopi ya kwanza ni pacha zangu (hizo pacha nahesabu kama kopi moja, usijidanganye kuzihesabu mbili), ya pili ni diski ya nje ya USB, ya tatu ni diski nyingine ya USB iliyoko Tabora kwa dada yangu.

Programu ninayotumia inaitwa restic. Nimeichagua kwa sababu inafunga kila kitu kwa paswedi kabla haijaandika, kwa iyo diski ikiibiwa njiani hakuna atakayeona harusi za watu, na pia kwa sababu haiandiki kitu kile kile mara 2, bakapu ya pili inabeba mabadiliko tu.

sudo mkdir -p /mnt/bakapu
sudo mount /dev/disk/by-label/BAKAPU_A /mnt/bakapu
sudo restic -r /mnt/bakapu/seva init
sudo restic -r /mnt/bakapu/seva backup /hazina

Amri ya init ni mara moja tu kwa kila diski. Halafu za zamani zisijae unazipunguza kwa mpango:

sudo restic -r /mnt/bakapu/seva forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 24 --prune

Yani bado naweza kurudi nyuma hata miaka 2 kuchukua faili lililoharibika bila mimi kujua. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, makosa mengi yanagundulika mteja anaporudi na sio siku ile ile.

Ukimaliza chomoa diski. Sio kuiacha imechomekwa "ili iwe rahisi". Diski iliyochomekwa inaonwa na virusi, inaonwa na radi, inaonwa na amri yako ya kufuta uliyoiandika ukiwa na usingizi. Mi naichomeka Jumapili jioni, inafanya kazi yake, naichomoa naitia kwenye droo chumba kingine.

Paswedi ya restic ikipotea hakuna fundi wa kukusaidia, sio Kigoma, sio Dar, sio popote. Nimeiandika kwenye karatasi 2 kwa kalamu, moja iko kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja, nyingine anayo dada. Usiihifadhi ndani ya seva peke yake, seva ikifa utakuwa umefungia funguo ndani ya nyumba.

Kuhusu flashi za bei ya kutupa zinazosema TB 2, kaa mbali nazo. Nyingi ni za GB 32 au 64 zimedanganywa ndani zijitangaze kubwa, unaandika vizuri mpaka ijae ile saizi ya kweli, baada ya hapo inaendelea kupokea kimya kimya huku inatupa. Unagundua siku ya kurudisha. Chombo chochote kipya kipime kwanza kwa programu ya f3, unaendesha f3write kijae, afu f3read ikwambie kama kilichoandikwa ndo kinachosomeka. Inachukua masaa, lakini masaa hayo ni ya bure.

Kopi ya Tabora

Watu wananiuliza kwa nini nisiweke mtandaoni tu. Fanya hesabu. Mi nina TB 2 za kazi. Ukiwa na spidi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, na isikatike hata dakika moja, hizo TB 2 zinakuchukua siku 37 mchana na usiku. Hapo bado hujagusa bei ya bando. Diski iyo iyo ikipanda basi asubuhi hapa inapita Uvinza, Kaliua, Urambo, na siku hiyo hiyo inaingia Tabora. Hakuna intaneti ya hapa mtaani itakayoishinda. Vitu vidogo kama mikataba, risiti, orodha ya wateja na picha chache teule naviweka mtandaoni, hivyo ni GB chache na restic inajua kutuma huko pia, lakini mzigo mkubwa unapanda basi.

Nina diski 2 za nje, A na B. A iko kwangu inapokea bakapu kila Jumapili, B iko kwa dada. Kila baada ya wiki 6 hivi, akienda mtu ninayemwamini au nikienda mwenyewe, A inaenda Tabora na B inarudi. Nimefanya wiki 6 kwa sababu nilijiuliza, leo nyumba ikiungua, niko tayari kupoteza kazi za muda gani? Jibu lako linaweza kuwa wiki 2, mfanyakazi wa ofisi ya mahesabu anaweza kusema siku 1, jiulize mwenyewe kwanza ndo upange ratiba. Kwenye msimu wa harusi mi naharakisha, sisubiri wiki 6 zifike.

Diski ikisafiri inasafiri mkononi, sio kwenye buti na sio juu ya basi kwenye mizigo ya mawese na dagaa. Nailaza kwenye boksi la plastiki gumu, nimeizungushia sponji, na nje nimeandika namba ya simu na neno "dhaifu". Ikifika inakaa kwenye sanduku la nguo, juu ya kabati, mbali na jua na mbali na spika kubwa. Hadi diski ya kawaida kwa kazi hii ni bora kuliko SSD, SSD ikikaa muda mrefu bila umeme chaji iliyobeba data inaweza kuvuja, hasa kwenye joto.

Mwanzoni dada alikuwa ananiuliza, "Sasa kaka hiki kidude chako nikitupa je?" Nikamsimulia habari ya yule mama wa Ujiji. Hajauliza tena, na siku hizi akihama chumba ananipigia simu kuniambia diski imehamia wapi.

Kurudisha

Hapa ndo ningeomba usome taratibu, kwa sababu ndo sehemu inayorukwa na karibu kila mtu.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kodi (code) za programu za kompyuta za watu dunia nzima, mhandisi wao akiwa kwenye kazi ya usiku alifuta folda la data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Karibu GB 300 zikaondoka kwa sekunde chache. Walikuwa na njia 5 za bakapu na kurudufu, na walipozifungua zote hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa, moja ilikuwa inashindwa kila siku na taarifa za kushindwa hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni kopi ya masaa 6 nyuma ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa mkono kwa kazi nyingine kabisa. Hao wana wahandisi na hela, na walisema hadharani kilichotokea, nawaheshimu kwa hilo.

Kwa iyo kila mwezi mi nafanya hivi, inachukua nusu saa:

sudo restic -r /mnt/bakapu/seva check --read-data-subset=10%
sudo restic -r /mnt/bakapu/seva restore latest --target /tmp/jaribio --include /hazina/harusi/FOLDA_MOJA

Amri ya kwanza inasoma asilimia 10 ya bakapu na kuhakiki haijaoza. Ya pili inatoa folda moja, na mi nachagua folda kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye orodha, sio ile ninayoijua. Afu nafungua video yenyewe naisikiliza, sio kuangalia jina la faili na saizi tu. Nasikiliza mpaka mtu aongee. Nimewahi kukuta folda ambalo mafaili yapo yote na saizi zake ziko sawa ila video hazina sauti, kumbe kosa lilikuwa kwenye kamera toka mwanzo, na ningelijua mapema ningewahi kuomba kopi kwa MC aliyerekodi na mic yake.

Mara moja kwa mwaka nafanya jaribio kubwa. Nikienda Tabora nabeba laptopu tupu, sina seva, sina pacha, nina ile diski ya sanduku la nguo na ile karatasi ya paswedi ya dada tu. Nikiweza kufungua kazi kwa vitu hivyo 2 peke yake basi mpango uko hai. Mwaka wa kwanza nilikwama, karatasi niliandika herufi O nikaisoma sifuri, dakika 40 nahangaika. Saivi nimeiandika upya kwa maneno 6 ya Kiswahili yaliyoachana nafasi, mtu yeyote anayasoma.

Yote haya nayaandika kwenye daftari la kawaida la kurasa 96 lililoning'inia na kamba pembeni ya seva: tarehe, namba 5 na 197 za kila diski, scrub imetoka na makosa mangapi, bakapu imeenda kwenye A au B, folda gani nimelijaribu na kama limefunguka. Ukurasa wa kwanza nimeandika maelekezo ya kurudisha kila kitu hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mke wangu anaielewa bila mimi kuwepo, pamoja na namba ya dada. Siku nikiwa mgonjwa au sipo, mteja akija, yeye atafungua ukurasa ule.

Kama unaanza leo na hela ni ya diski moja tu, usinunue pacha. Nunua diski ya nje, fanya bakapu, ichomoe, na jioni hii hii ipeleke kwa ndugu anayekaa angalau mtaa mwingine, ukiwa Mwanga hata Katonga ni bora kuliko chumba cha pili. Kupima na smartd haina gharama, iweke usiku huu huu. Hela ya pili nunua UPS. Pacha ifuate baadaye. Diski B yangu inarudi Jumamosi hii na shemeji, daftari linasema zamu iliyopita namba 197 ilikuwa 0, ikifika kitu cha kwanza ni kuichomeka na kuisoma tena kabla haijapokea chochote.